Kabla ya kutaja mwamba unapitisha maji kiasi gani, taja presha na upande

Ukiniletea kipande cha mwamba ukaniuliza kinapitisha maji kiasi gani, nitakuuliza kwanza: kimebanwa kwa presha ipi, na maji yanaelekea upande gani?

Somo hili nililipata kwa hasara. Nilichora mishale ya kuonyesha upande wa tabaka kwa kalamu ya wino, nikaloweka vipande usiku kucha. Asubuhi mishale imefutika. Vipande sita vya jiwe la mchanga, vyote mviringo, rangi moja, na sijui kipi kilikatwa kufuata tabaka na kipi kilikatiza. Kazi ya wiki mbili ikaanza upya. Siku hizi nakwaruza alama kwa ncha ya chuma, tena kwenye uso wa mwisho. Ukikwaruza ubavuni, maji hupata mfereji chini ya mpira ninaolivisha jiwe ili kulibana.

Mwamba wa tabaka ni kama mikeka iliyolaliana. Maji yakienda sambamba nayo hufuata tabaka lenye nafasi. Yakikatiza, sharti yapenye kila mkeka, na utando mmoja wa udongo wa mfinyanzi hutosha kuyachelewesha yote. Basi kata vipande viwili, kimoja kwa kila upande, kutoka jiwe lile lile.

Kwenye presha ndipo wengi wanapoteleza. Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyepitisha maji kwenye mchanga kule Dijon, Ufaransa, na kuchapisha matokeo mwaka 1856, hakuwa na haja ya kuubana mchanga wake. Lakini mwamba wa chini kabisa ardhini umebeba uzito wa mawe yote yaliyo juu yake. Ukiubana maabara, nyufa nyembamba hufunga kwanza na mtiririko hushuka haraka. Baadaye hushuka taratibu, kwa kuwa vitundu vya duara ni vigumu kubonyea. Ukilegeza, mwamba haurudi pale pale ulipokuwa, maana baadhi ya nyufa hazifunguki tena. Kwa hiyo panda hatua kwa hatua, usipitilize presha unayoitaka hata mara moja. Presha ya kubana izidi ya maji daima, la sivyo maji yatapita kando ya jiwe na namba utakayoandika haitakuwa yake.

Penye udongo wa mfinyanzi tumia maji ya chumvi; maji baridi yasiyo na chumvi huweza kuuvimbisha. Subiri geji za presha zitulie. Na kwa kuwa maji yakipata joto hutiririka kwa wepesi zaidi, kipimajoto changu kinaning'inia kando ya pampu, nakisoma kila ninaposoma geji.