RAM imepandishwa kasi, kompyuta haiwaki

Mkuu wa Njiro uliyeuliza kwa nini kompyuta haiwaki: kupandisha kasi ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya aina ya DDR4 kutoka 3200 hadi 3800 MT/s hakujaiua mashine. Madabodi, yaani bodi kuu, imeshindwa tu kuelewana nayo kwa kasi hiyo. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 chaji iishe. Toa betri ya CR2032, ile ndogo ya duara kwenye madabodi, kwa dakika 10 ili mipangilio ya kasi ifutike. Ikiwa imechoka, mafundi saa hapa Arusha mjini wanazo. Irudishe, uache kijiti kimoja tu cha RAM, tundu la pili kutoka kwenye prosesa, kisha rudisha umeme na uwashe. Ikijizima na kujiwasha mara mbili tatu, iache, inajipima upya. Ikiwaka, tafadhali usikimbilie Windows: pima kwanza kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, kupitia flashi. RAM inayokosea huharibu mafaili kimyakimya.