Aliyemrudishia mama ukili mkononi

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Katika malezi ya wazee, nani anastahili kutambuliwa kuwa kiongozi, na kwa kigezo gani?" Mimi namtaja mwanamke mmoja wa hapa Kisauni, Mombasa, muuguzi mstaafu, aliyefungua ua wa nyumba yake kwa wazee wa mtaa. Jina lake silitoi kwa sasa.

Mamangu alipopata kiharusi, mkono wake wa kushoto ulilegea na macho, ambayo tayari yalikuwa hafifu, yakazidi kufifia. Kwa mapenzi nikamfanyia kila kitu. Nilimwosha, nikamlisha, nikamfunga leso, hata kijiko nikamnyang'anya asije akajimwagia uji. Mchana kutwa alisinzia kitandani. Usiku hapati usingizi, anaita watu waliokufa zamani. Nikaamini ndio uzee wenyewe, na kwamba kazi yangu ni kuvumilia.

Siku ya kwanza kumpeleka pale uani nilimkalisha chini ya mwembe. Yule muuguzi akaja na kipande cha ukili, ule utepe wa miyaa (majani ya mkindu) unaosukwa kisha kushonwa kuwa mkeka, alichokuwa akikisuka yeye mwenyewe, akaketi naye mkekani. Hakumwuliza habari za dawa. Alimwambia, "Mama, ukili wangu wapinda. Hebu nitazamia." Mama akaupitisha kidole gumba ukingoni, polepole, mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue: "Wavuta sana upande mmoja, mwanangu. Fumua." Wakafumua wote. Mkono wa kulia ukasuka, wa kushoto ukashikilia miyaa, ukateleza, ukarudi tena. Nilitoka nje ya lango nikalia.

Sasa huenda pale siku tatu kwa wiki. Usiku analala, kwa sababu mchana hasinzii. Kijiko nimemrudishia, akijimwagia, tunapangusa. Mwili usiotumiwa hulegea, na mzee aliyelegea ndiye anayeanguka na kuvunjika nyonga. Nilikuwa namdhoofisha mzazi wangu huku nikijiona namlea.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010 inataja haki za wazee katika ibara ya 57, na mpangilio wake unafaa kusomwa kwa makini. Kwanza inataja kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii. Halafu kujiendeleza. Halafu kuishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa. Matunzo ya familia na serikali ndiyo yanayokuja mwisho. Sisi tumeipindua orodha hiyo: tunaanza na matunzo na hapo hapo tunaishia. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wazee hupangwa kwenye viti, hupewa unga na mafuta, hupigwa picha, hotuba zikasomwa. Unga unahitajika, sikatai. Hata zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, ni msaada mkubwa kwa mzee asiye na pensheni. Lakini katika hayo yote mzee anapokea tu, na hakuna anayemwuliza anajua nini.

Pale uani yuko babu aliyefanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Kilindini maisha yake yote. Yeye amepewa daftari. Ikifika saa tatu asubuhi na mwenzake hajaonekana, humtuma kijana wa tuktuk akabishe hodi. Bibi mwingine maradhi ya kusahau yamemzidi, hata mwanawe hamtambui. Akiwekewa sinia ya asumini na uzi, vidole vyake vinatunga bila kukosea. Mambo haya hayakuhitaji mfadhili. Yalihitaji mtu wa kukaa chini na kuuliza kila mmoja alikuwa nani kabla hajawa mgonjwa.

Kwa hiyo, wakiwapo waamuzi wa kumpa tuzo kiongozi wa namna hii, wasisubiri kualikwa. Waingie saa nne asubuhi siku ya kawaida, watazame kisu cha kukatia mchicha kiko mkononi mwa nani. Wamwulize mzee, "Leo umefanya nini?" Akijibu kwamba ameoshwa na kulishwa, basi wamshukuru mlezi, waendelee na safari. Akianza kulalamika kwamba mwenzake amekosea kupanga rangi za mkeka, hapo wakae.

Na wasitafute wakurugenzi pekee. Uongozi huu mara nyingi umo kwa wasichana wa kazi na wauguzi wasaidizi wanaolipwa kidogo mno, ambao hakuna anayewapa hata nusu siku ya mafunzo. Tuzo ije na mafunzo hayo, na nyongeza ya mshahara.

Juzi nilimwomba yule muuguzi ruhusa ya kuwaletea jina lake. Aliniambia mkeka ule ni wa mama, nimwulize mama kwanza kama habari hizi zataka kusimuliwa. Nimemwuliza. Mama amekubali niandike haya, ila jina tungoje mpaka mkeka umalizike kushonwa.