Bias kwa Kiswahili: "upendeleo" hautoshi

Mkuu, umeuliza kama "upendeleo" unatosha kutafsiri neno la Kiingereza bias popote linapotokea. Hautoshi, na kuna mahali unapotosha kabisa.

Upendeleo unataka mtu: yupo anayependelea na yupo anayependelewa. Kwa hakimu, mwalimu au refa neno limekaa mahali pake. Mtaani tunasema refa anawabeba wale. Akitugeukia sisi, anatuonea. Bias ya Kiingereza inabeba yote mawili, kwa hiyo tafadhali usiandike "upendeleo dhidi ya wanawake". Huo ni ubaguzi, uite ubaguzi. Mwandishi wa habari anayesikiliza upande mmoja tu, huyo ameegemea upande.

Sasa chukua mizani ya dukani. Weka jiwe la kilo 1, inasoma gramu 1,050. Rudia mara kumi, 1,050 ileile. Wanatakwimu wanaiita hiyo bias, na mizani haimpendelei mtu. Ingekuwa inarukaruka, mara 990, mara 1,010, ungechukua wastani na kosa lingepungua. Hili halipungui hata upime mara elfu. Jaribu na jiwe la kilo 2: ikisoma 2,050, kila mara unatoa gramu 50, ikisoma 2,100, kosa linakua pamoja na uzito, hivyo unagawanya kwa 1.05. Hapa mimi naandika "mwegemeo". Utafiti wa umeme vijijini unaofanywa kwa kupiga simu una mwegemeo wa aina hiyohiyo, kwa sababu asiye na simu hahesabiwi, na ukiongeza waliohojiwa kutoka 500 hadi 5,000 yeye bado hayumo.

Asili ya neno bias ni Kifaransa, biais, yaani mshazari, na fundi cherehani bado analitumia kwa maana hiyo. Kitambaa kina nyuzi za mtande kwa urefu na za mshindio kwa upana. Kunja kona mpaka ukingo wa urefu ulalie sawasawa na uzi wa upana. Ule mkunjo ndio digrii 45. Kata hapo vipande vya sentimita 4 vya kupiga shingo ya gauni. Kwa kuwa vinavutika, vinafuata duara bila makunyanzi. Ukikata kwa digrii 30, kipande kinajipinda na shingo inatoka na mawimbi. Sketi nzima ikikatwa mshazari, itundike siku nzima kabla ya kupiga pindo, maana kitambaa kitashuka, tena hakishuki sawa pande zote. Kiswahili hapa hakina upungufu wowote: ni kukata mshazari, au kukata hanamu. Inaniuma kuona mafunzo ya ushonaji yameandikwa "mkato wa upendeleo".

Kwenye amplifaya, bias ni volti ndogo ya kuiweka transista, kile kipande kinachokuza sauti, ikae tayari, karibu 0.6 hadi 0.7 kwa transista za silikoni. Ikipungua, sauti inakwaruza, hasa ukiipunguza. Ikizidi, transista zinachemka mpaka zinaungua. Hapo andika "bayasi" tu, fundi atakuelewa.