Shangazi, Desemba Siji

Shangazi, ule ujumbe wa sauti uliotuma kwenye grupu la familia nimeusikiliza mara tatu. Uliuliza: "Kazi ya kufundisha vijana mpira ina nini hata ukose mahari ya dada yako?" Binamu wote wakacheka. Nilinyamaza kwa sababu jibu ni refu na nilikuwa barabarani. Leo niko kwangu, nimevua viatu, acha niseme.

Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa helmeti, unaofanana na raga iliyopandwa na wazimu. Mnakumbuka Daniel Adongo alivyotoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts, timu ya ligi kuu ya mpira huo Marekani, mwaka 2013? Kila kijana wa raga Nairobi aliota ndoto ile. Mimi yangu iliishia chuoni, nikabaki kuwa kocha msaidizi. Nafundisha walinzi wa mstari wa mbele, majitu ya kilo 120 na zaidi yanayogongana kila mpira unapoanzishwa.

Nyinyi mnajua nalipwa kuwafundisha. Bosi wangu anajua ananilipa kuwaleta. Katika daraja letu, chuo kinaruhusiwa kutuma nje kocha mkuu na wasaidizi kumi tu kwenda kusaka wachezaji, nami ni mmoja wa hao kumi. Basi wakati wa msimu, Alhamisi mazoezi yakiisha, naingia kwenye gari, mwendo wa saa tatu au nne, nalala moteli. Ijumaa asubuhi naongea na kocha wa shule ya sekondari. Usiku nasimama kwenye uzio namtazama mtoto wa miaka kumi na saba akicheza. Kuongea naye pale haturuhusiwi. Miezi hiyo sheria ni kutazama tu. Mama yake anaona nembo ya chuo kwenye shati langu, ananipungia mkono, nami natabasamu kama bubu. Shati ndilo linaloongea. Mechi ikiisha narudi usiku huohuo, maana Jumamosi tunacheza sisi.

Halafu kuna simu. Nina vijana kama arobaini wa kuwaandikia kila wiki: mtihani ulikuwaje, goti la baba limepona, mbwa wenu yupo? Wakati mwingine mke wangu ananiuliza kama nami naweza kukumbuka goti la baba yake.

Sasa kufundisha. Msimu ukiwa unaendelea, sheria inampa mchezaji saa 20 kwa wiki, zisizidi nne kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Humo mna kunyanyua vyuma, vikao na kuangalia video. Mimi na vijana wangu peke yetu uwanjani tunabaki na dakika kumi, kumi na tano. Nilikuwa na mmoja wa mwaka wa kwanza, nguvu za ng'ombe, lakini kila mara aliinuka wima kabla ya kusukuma. Ukiinuka umekwisha. Tulirudia wiki tatu: hatua ya kwanza fupi, inchi sita tu, viwiko vibane mbavu, vidole gumba vitazame juu. Siku alipopata nilisikia kabla sijaona. Viganja vilitua kwenye kifua cha mwenzake, pah! kama mtu anayekung'uta godoro kwa fimbo. Hakuna mshahara unaofikia mlio ule, Shangazi.

Nimejifunza kuzifunga kazi hizi mbili kamba moja. Nikiwa kwenye uzio sitafuti anayejua kila kitu. Natafuta nisichoweza kumfundisha: urefu wa mikono, wepesi wa nyonga, na anavyokimbia timu yake ikiwa imeshafungwa pointi thelathini. Mengine nitamalizana naye mwenyewe. Na nikiwa safarini, mkongwe wa mwaka wa nne ndiye anayewasimamia wadogo. Anayefundisha mwenzake huelewa mara mbili. Afadhali pia tangu 2024, maana kabla ya hapo ni kocha mkuu na sisi kumi tu tulioruhusiwa kufundisha mbinu uwanjani. Siku hizi hata kijana wetu wa kuchambua video anaweza kushika kipindi changu.

Kilichoharibu mizani ni uhamisho. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa benchi mwaka mzima, na tangu Julai 2025 vyuo vinawalipa wachezaji moja kwa moja, katika mwaka wa kwanza wa mpango huo hadi dola milioni 20.5 kwa chuo. Yule wa godoro? Tulimpika miaka miwili, chuo chenye hela kikaja kikapakua. Simlaumu, mama yake alikuwa na deni la nyumba. Ila bosi mmoja niliyefanya naye kazi alisema mbele yetu kwamba kufundisha ni kupoteza muda, tununue waliokwisha iva. Mwaka uliofuata alifukuzwa, nasi wasaidizi tukafungashwa naye. Hapa kocha mkuu akianguka, nyumba nzima inaanguka. Nilihamisha watoto shule katikati ya mwaka, jambo ambalo sikuwaambia nyumbani.

Ndiyo maana Desemba siji. Wiki ya kwanza vijana wa sekondari wanasaini kujiunga na vyuo. Baada ya hapo nawaketisha wachezaji wangu mwenyewe, mmoja mmoja, nikiwabembeleza wasiondoke, kwa sababu dirisha la kuhama ni Januari 2 hadi 16. Siku ya mahari nilikuwa jikoni kwa watu, nakula sahani ya pili ya kuku ili nyanya wa kijana niliyekuwa namsaka asinune. Kijana mwenyewe akasaini kwingine.

Kuhusu mwanao anayecheza raga: tuma video, lakini tanguliza matokeo ya shule, bila hayo simu yangu haisaidii. Na hizo hela za wachezaji asizipigie hesabu. Viza ya mwanafunzi inabana sana kazi za malipo, na kuikosea ni kurudishwa nyumbani.

Mwisho wa Juni hadi karibu mwisho wa Julai haturuhusiwi kukutana na kijana yeyote tunayemsaka. Hapo ndipo makocha hupumua. Mwambie dada, kama harusi haijapangiwa tarehe, Julai niko, na ng'ombe mmoja ni wangu.