Mbwa wa kupokelewa kwenye kituo cha mafuta

SWALI: Daktari, habari za siku? Machi tulizika mbwa wetu wa miezi mitatu, alihara damu siku mbili tu akafa. Watoto wamelia hadi tumekubali kununua mwingine. Kuna mtu mtandaoni anauza German Shepherd wa wiki tano kwa shilingi 25,000. Anasema amemaliza chanjo zote, hata ya kichaa cha mbwa. Anataka nitangulize 10,000 kwa M-Pesa, kisha tukutane kwenye kituo cha mafuta pale Roysambu. Nitume?
– Mama Shiko, Zimmerman

JIBU: Mama Shiko, poleni sana. Na usiniite daktari. Kazi yangu kwa miaka 22 ilikuwa kuwashika mbwa ili daktari awadunge.

Usitume hata ndururu. Huyo amejifunga kwa ulimi wake. Chanjo ya kichaa cha mbwa hudungwa mtoto akifika miezi mitatu. Ya parvo na distemper, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, halafu hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Wa wiki tano kazimaliza lini? Tena hajafikia hata kutolewa kwa mama yake. Mtoto asitolewe kabla ya kufikisha wiki nane. Katika siku hizo za kukaa na mama na ndugu zake ndipo hujifunza kutouma kwa nguvu, maana akimng'ata ndugu yake sana, ndugu hulia na mchezo unakatika.

Kupokea mbwa barabarani nakujua kwa machungu. Mwaka 2011 nilimnunua mmoja kwenye foleni ya magari, muuzaji kamficha ndani ya koti. Tumbo kama ngoma, nikasema kashiba. Mimi, mtu wa kazi hiyo! Ilikuwa minyoo. Siku ya nne akatapika, ya sita nikachimba shimo. Namba ya muuzaji haikupatikana tena.

Nenda alikozaliwa. Mwone mama yao na watoto wake, uone kama anakaribia watu au anajibanza ukutani. Ukiambiwa amepelekwa shambani, aga uende zako. Mtoto unayempenda mfungue mdomo, fizi ziwe za waridi, kisha inua mkia, pawe pakavu. Macho na pua visiwe na uchafu.

Halafu omba kijitabu cha chanjo. Daktari akishadunga, hubandua stika ya kwenye chupa akaibandika hapo, akaandika tarehe na kutia sahihi. Ukikuta tarehe tatu za kalamu moja, mwandiko mmoja, stika hakuna, jua zimeandikwa mezani asubuhi hiyo. Mpigie simu daktari mwenye sahihi umuulize. Cheti cha ukoo nacho, kama huna mpango wa kuzalisha, usikilipie zaidi.

Linalonisumbua hasa ni ua wenu. Ugonjwa ulioueleza unafanana sana na parvo, na kirusi chake hukaa udongoni hata mwaka mzima. Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia, ikichanganywa na maji inakiua kwenye saruji iliyosuguliwa kwanza, ila udongo hauoshwi kwa Jik. Bakuli na matandiko ya yule wa Machi, tupa. Kwa hiyo hata ukimpata muuzaji mwaminifu kuliko wote Nairobi, usilete mtoto ambaye hajamaliza chanjo. Tafuta wa miezi mitano au sita, au mkubwa kabisa. Pitia pia KSPCA, shirika la kutetea wanyama kule Karen, wana mbwa wanaotafuta makao, na wengi wao ni mbwa koko, ambao kwa ulinzi wa lango la Zimmerman mimi sijawahi kuwalalamikia.

Ukimpata, nenda na kitambaa kikuukuu, umsugulie mama yake au mbwa aliokuwa akilala nao, kisha mlaze nacho. Usiku wa kwanza atalia vilevile. Waambie majirani mapema.