Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Filamu za Kutisha za Bajeti Ndogo Huwarudia Watoto na Miaka ya Zamani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wadogo zangu tumekuwa tukitazama filamu za kutisha za Marekani na Kanada zilizotengenezwa kwa fedha kidogo. Nyingi zina watoto wa shule, baiskeli, simu za mezani na televisheni za chogo. Je, ni kwa sababu mambo hayo ni rahisi kuyapata, au kuna sababu nyingine? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, sababu ya fedha ipo, lakini haielezi hata nusu ya jambo lenyewe. Ni kweli kwamba hadithi ya watoto haihitaji mahali pa gharama, kwa kuwa nyumba ya wazazi, mtaa mmoja na uwanja wa shule vinatosha. Hata hivyo, kurudi nyuma kwa miaka huongeza gharama badala ya kuipunguza, kwa maana kila gari linalopita, kila vazi na kila kibao cha duka lazima viwe vya wakati ule. Mtayarishaji asiye na fedha anayeubeba mzigo huo kwa hiari ana kitu anachokitafuta, nami naamini kitu hicho ni upweke wa mtoto. Simu ya mkononi ikiondolewa, mtoto aliye hatarini hawezi kumwita mtu wala kupiga picha ya kuthibitisha alichokiona, na mtu mzima anayekimbiliwa anaweza kumjibu kwamba ameota tu. Hofu huanzia hapo, kabla muuaji au jini hajaonyesha uso wake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Phantasm, iliyotoka mwaka 1979. Mwongozaji wake, Don Coscarelli, alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei alipoitengeneza kwa fedha zinazokadiriwa kuwa dola 300,000, ambazo sehemu yake ilitoka kwa baba yake, huku mama yake akisaidia katika mavazi na urembo wa waigizaji. Kazi ilifanyika zaidi mwishoni mwa wiki, kwa muda uliozidi mwaka mmoja, kwa sababu kamera iliyokodiwa Ijumaa na kurudishwa Jumatatu ililipiwa kodi ya siku moja. Ile tufe ya chuma inayoruka ndani ya jumba la makaburi na kuwasaka watu, ambayo watazamaji hawaisahau, kwa sehemu kubwa ilirushwa kwa mkono kutoka nyuma ya kamera. Na pale inapomnasa mtu kwenye paji la uso, ilibandikwa kwanza, ikavutwa, kisha picha ikaonyeshwa kinyumenyume.

Lakini mbinu hizo zisingetosha kuiweka hai filamu hiyo hadi leo. Mhusika wake mkuu ni Mike, mvulana wa miaka 13 aliyefiwa na wazazi wake wote wawili, ambaye sasa anamfuata kaka yake kila mahali kwa kuhofia kwamba naye ataondoka na kumwacha. Yule mzee mrefu wa nyumba ya maziko, aliyeigizwa na Angus Scrimm, anatisha kwa sababu ndiye anayewachukua wafu, na mtoto huyu tayari ameshachukuliwa watu wawili. Ukiutoa msiba huo kwenye hadithi, zinabaki vioja tu. Tuzingatie pia kwamba Phantasm haikutengenezwa ili kuamsha kumbukumbu za zamani, kwani gari, nguo na nyumba tunazoziona ndani yake vilikuwa vya siku zile zile ilipopigwa picha. Sisi ndio tunaoitazama leo kwa hamu ya miaka iliyopita, na baadhi ya waongozaji waliofuata waliiga vitu vilivyoonekana bila kuuiga uchungu uliokuwa chini yake.

It Follows ya mwaka 2014, kazi ya David Robert Mitchell, haikuanguka katika kosa hilo. Ilipigwa picha katika jiji la Detroit nchini Marekani na viunga vyake, na mtazamaji hawezi kusema ni mwaka gani: televisheni ni za zamani na zinaonyesha sinema za rangi nyeusi na nyeupe, lakini msichana mmoja anasoma kitabu kwenye kifaa cha kielektroniki chenye umbo la kombe la baharini, kifaa ambacho hakijawahi kuuzwa katika duka lolote. Wakati usiotajwa hutufanya tukose mahali pa kushika, kama ilivyo ndotoni, na Mitchell mwenyewe ameeleza kwamba wazo la hadithi lilitokana na ndoto za utotoni za kufuatwa na mtu anayetembea polepole. Magofu ya jiji hilo nayo yalikuwapo tayari, yakamwachia mwongozaji mandhari ambayo studio kubwa ingelazimika kuyajenga.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilisikia sifa nyingi za filamu ya kutisha iitwayo Skinamarink, lakini nilipoitazama niliona dari, kona za kuta na giza tu. Nilichoka kabla haijafika nusu. Je, nimepitwa na jambo, au sifa zile zilizidi kiasi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu yetu, uchovu wako una haki yake. Filamu hiyo ina urefu wa dakika 100, na kwa maoni yangu ingepunguzwa dakika ishirini ingekuwa kali zaidi. Naomba hata hivyo uipe nafasi ya pili, usiku, taa zikiwa zimezimwa na hakuna anayezungumza chumbani, kwa kuwa imejengwa kwa namna ambayo haivumilii sebule yenye watu.

Mwongozaji wake, Kyle Edward Ball, aliipiga picha ndani ya nyumba ya wazazi wake aliyokulia, mjini Edmonton huko Kanada, kwa dola 15,000 hivi. Kisa kimewekwa mwaka 1995: watoto wawili, Kevin wa miaka minne na dada yake Kaylee wa miaka sita, wanaamka usiku na kukuta baba hayupo, kisha milango na madirisha ya nyumba yanaanza kutoweka. Kabla ya hapo Ball alikuwa na chaneli ya YouTube ambako watu walimsimulia majinamizi yao naye akayageuza kuwa filamu fupi, na aligundua kwamba wengi walikuwa na ndoto ya namna moja, yaani kuwa mtoto ndani ya nyumba yao wenyewe, wazazi wakiwa hawapo, na kitu kingine kikiwa kipo.

Ukilijua hilo, dari na kona zile zinaeleweka. Mtoto wa miaka minne aliyelala sakafuni haoni nyuso za watu. Anaona miguu, chini ya kitanda, ukingo wa mlango na mwanga wa televisheni ukicheza ukutani. Ufukara wa bajeti na ufinyu wa macho ya mtoto vimekutana mahali pamoja, na ndiyo maana sihisi kwamba nimenyimwa kitu. Hata katuni zinazocheza kwenye televisheni hiyo ni za zamani sana, ambazo haki zake za umiliki zimeshakwisha, hivyo hazikumgharimu chochote, na bado vicheko vyake vinavyojirudia usiku kucha ni miongoni mwa mambo yanayoogofya kupita yote. Filamu ilivuja mtandaoni kabla ya kutolewa rasmi, vipande vyake vikasambaa, na ilipoingia katika majumba ya sinema mwanzoni mwa mwaka 2023 ilikusanya takribani dola milioni 2.

SWALI: Je, kwa kuwa wahusika ni watoto, naweza kumruhusu mwanangu wa miaka 12 kuzitazama filamu hizi za kutisha? (Mama, Dodoma)

JIBU: Hapana, mama, si kwa sababu hiyo peke yake. Phantasm na It Follows zote ziliwekwa Marekani katika daraja la R, ambalo linamtaka aliye chini ya miaka 17 aandamane na mzazi au mlezi, na ya pili ina mambo ya faragha ya watu wazima ambayo ndiyo kiini cha kisa chenyewe. Summer of 84 ya mwaka 2018, yenye vijana wanaompeleleza jirani yao askari wakiwa na baiskeli na redio za upepo za mkononi, huanza kwa upole wa kitoto na kumalizika kwa ukatili usio na faraja yoyote. Itazame wewe kwanza.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina simu nzuri na marafiki watatu. Tunataka kutengeneza filamu ya kutisha ya watoto iliyowekwa miaka ya 1980 hapa kwetu. Tuanzie wapi? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Mdogo wangu, anzeni kwa kuacha vitu vya watu wengine. Televisheni ilifika Zanzibar mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, kwa hiyo mtoto wa Iringa wa mwaka 1985 hakukaa mbele ya mwanga wa bluu usiku. Alikuwa na Radio Tanzania, chemli au kibatari, na betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu kidogo zaidi. Waulizeni wazazi na bibi zenu walichokuwa wakikiogopa walipotumwa dukani jioni, na ni njia gani walikatazwa kupita.

Kwa kuwa redio ndiyo iliyotawala nyumba, hofu yenu ijengeni kwa sauti: sauti ya mtangazaji inayofifia, betri inayokufa katikati ya taarifa, kisha sauti nyingine inayoendelea kusema wakati redio imeshazimwa. Rekodini sauti hizo kwa utulivu na kwa kipaza sauti cha pembeni, maana mtazamaji huisamehe picha yenye giza lakini hasikilizi maneno asiyoyaelewa. Chagueni nyumba moja ambayo mwenyewe amewaruhusu, na mpige picha za ndani wakati wa usiku ili nguzo za simu na magari ya leo visionekane. Na kwa kuwa mtafanya kazi na watoto, mzazi wa kila mmoja awepo tangu mwanzo hadi mwisho, asome hadithi yote kabla hajakubali, na watoto waonyeshwe mchana yule atakayewatisha usiku ni nani.