Muulize Mwalimu: Mjerumani aliyemtangulia Leakey Olduvai

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii, nipo Karatu. Juzi mgeni mmoja alinibishia mbele ya kundi zima kwamba Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, hakuwa wa kwanza kuchimba korongo la Olduvai, eti alitanguliwa na Mjerumani aitwaye Hans Reck, tena akapata na mifupa ya binadamu. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona hatajwi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mgeni wako kasema kweli. Hans Reck alizaliwa Würzburg mwaka 1886, akasomea jiolojia, na mapenzi yake makubwa yalikuwa volkano. Kilichomleta Olduvai ni mifupa ya wanyama wa kale ambayo daktari mmoja wa München, Wilhelm Kattwinkel, aliiokota korongoni mwaka 1911 akaipeleka Ulaya. Wataalamu walipoiona wakataka mtu aende akachunguze. Reck akafika mwaka 1913, nchi ikiwa bado koloni la Wajerumani.

Kazi ambayo mimi namheshimu nayo sana ni ile ya matabaka ya udongo na miamba ya korongo. Unapowasimamisha wageni wako ukingoni ukawaonyesha ule ukanda mwekundu, hilo ni tabaka la tatu, na aliyeyahesabu kuanzia chini, la kwanza hadi la tano, ni Reck. Wote waliokuja baadaye walianzia kwenye hesabu hiyo, Leakey akiwemo.

Ila umaarufu aliupata kwa jambo jingine. Katika tabaka la pili, chini ya ule wekundu, lilionekana fupa likichungulia. Walipochimbua, wakakuta kiunzi kizima cha mtu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, kimeshikwa na udongo mgumu hata ikabidi watumie nyundo na patasi. Reck akatangaza kwamba mtu huyo aliishi pamoja na wanyama wa tabaka lile, waliokwisha kutoweka zamani mno. Magazeti ya Ujerumani yakawaka, na wataalamu wenzake wakamjia juu: mbona huyu anafanana na sisi kabisa? Na mtu anayekufa porini hujikunja vizuri namna hiyo, kama si kuzikwa?

Vita vya 1914 vikakatiza mambo. Alirudi mwaka 1931, safari hii akiwa mwalikwa wa Louis Leakey. Hapo kuna kisa ambacho wageni wako watakipenda. Reck alishikilia kwamba Olduvai hakuna zana za mawe, kwa kuwa yeye hakuziona. Leakey akamwekea dau la pauni 10 kwamba ataipata moja kabla saa 24 hazijapita tangu wafike. Akashinda mapema tu. Reck alikuwa akitafuta jiwe la gumegume, lile la zana za Ulaya, kumbe watu wa Olduvai walichonga mawe yao wenyewe: ya volkano na ya kwatzi. Alizikanyaga bila kuzitambua!

Kuhusu kile kiunzi, Leakey naye mwanzoni alikubaliana na Reck. Kilichowaumbua ni udongo ulioganda kwenye mifupa. Ulipochunguzwa London, zikaonekana ndani yake punje nyekundu za tabaka la tatu na vipande vya chokaa vya tabaka la tano. Sasa niambie, vitu vya juu vingefikaje chini kama si kwa kaburi lililochimbwa baadaye? Mwaka 1933 wakaandika barua katika jarida la Nature wakikubali kwamba maiti ilizikwa pale, na Reck akatia jina lake. Si wanasayansi wengi wanaoweza kujikana hadharani baada ya miaka 20 ya ubishi. Leo umri wa mtu yule unakadiriwa kuwa miaka 17,000 hivi.

Mbona hatajwi? Nionavyo mimi, ugunduzi wake uliompa jina ulianguka, nao akina Leakey wakadumu pale miaka mingi, wakapata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959. Reck alikuwa keshafariki Lourenço Marques (Maputo ya leo) mwaka 1937, akiwa safarini. Lakini ukitaja tembo wa kale aitwaye *Elephas recki*, umemtaja yeye.

Swali: Mwalimu, huyo Reck ndiye aliyechimba pia dinosaria wa Tendaguru, kwetu Lindi?

Jibu: Alichimba, ila si yeye aliyeanza. Msafara wa Berlin ulianza mwaka 1909 chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Reck na mkewe Ina waliusimamia mwaka 1912. Ina hakuwa wa kubeba mwavuli tu: mwaka 1908 alikwenda na Reck hadi Iceland, kwenye volkano ya Askja, kumtafuta mchumba wa kwanza wa Ina aliyepotelea huko.

Na ukiuliza mchimbaji wa Tendaguru, usiishie kwa Wajerumani. Msimamizi mkuu wa vibarua alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jicho lake la kutambua mifupa lilitegemewa na wote hao. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa huko kwenu alipewa jina la Boheti: *Australodocus bohetii*.